Kikohozi cha Baba Mkwe

Kadi ya kwanza Enesi aliyaonyesha mawingu. Hivyo ndivyo watu wa Tunduma wanavyoisimulia habari hii, na wakifika hapo hucheka mpaka wakashika mbavu, kisha wanarudi kwenye biashara zao. Wacheke tu. Waliocheka hawakuolewa katika nyumba ile ya mtaa wa Mpemba, wala hawakukijua kikohozi cha mwenye nyumba. Enesi alikijua.

Katika ukoo ule wa Kindali, mke hatazamani na baba mkwe wake. Hampi mkono, hali naye meza moja, hakai naye sebule moja, na jina lake halitaji hata ndotoni. Naye mzee hamsemeshi mkwe. Akiwa na neno humtuma mtu. Kwa hiyo kila alipofika getini mzee alikohoa, khoo, khoo, kikohozi kikavu cha mtu asiye na mafua. Enesi akikisikia hutokea mlango wa jikoni, na akikosa pa kutokea hugeukia ukuta. Miaka mitano ya ndoa ilitosha kuifunza shingo yake. Ilikuwa inageuka yenyewe bila kumwuliza. Jirani alipozaa mtoto akampa jina lile lile la mzee, Enesi akawa anamwita Jina la Babu, na mtoto wa watu akakua akiitika.

Jina lenyewe ni Ambwene. Mimi nalitaja kwa sababu hakuniozea mtu. Kwa lugha ya kwao ni kusema Mungu ameniona.

Huyo Ambwene ndiye alikuwa kocha wa Chuo cha Mpakani. Na Enesi, mkewe Hezron, mama wa Tumaini, alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu mwenye beji yake kifuani. Sasa hebu waweke watu hao wawili kwenye fainali moja ya vyuo, uone.

Si kwamba hakusema. Asubuhi ya fainali, kwenye kikao cha kabla ya mchezo, alisimama mbele ya wote.

"Kamisaa, kocha wa Mpakani ni baba mkwe wangu. Naomba nisipangwe mchezo huu."

Kamisaa Lusubilo alikuwa mwalimu mnene asiyependa maneno marefu, hasa kabla ya chai. "Umepangwa mwamuzi wa akiba. Wa kati ni Shadrack. Akiba kazi yake kusimama pembeni na kuangalia mabenchi. Milimani, mna pingamizi?"

Watu wa Chuo cha Milimani, waliokuwa wameshuka kutoka Mbozi usiku na bado walikuwa na vumbi kwenye nyusi, walitazamana wakasema hawana.

"Mpakani?"

Mzee Ambwene alikuwa amekaa nyuma ya nguzo, kwa heshima, mkwe asimwone. Sauti yake ikatoka huko huko nyuma ya nguzo. "Sisi tuna pingamizi gani? Mkwe wangu ana adabu. Namfahamu."

Watu wakacheka. Enesi naye alitabasamu akitazama sakafu, maana ndivyo mtu anavyofanya akisifiwa kwa kitu ambacho hajui kama ni sifa au ni kamba. Baadaye wanaume walibadilisha nguo darasani, na yeye akaonyeshwa stoo ya madawati mabovu ambayo mlango wake haukufungika. Akalisogeza dawati moja mlangoni, akavaa bukta yake juu ya suruali ya kubana, kwa sababu mama mkwe wake, Rozi, alishamwambia kwamba miguu ya mke wa mtu si bango la matangazo.

Alikuwa na jambo moja tu kichwani. Kamisaa alikuwa amesema kwamba katika waamuzi wa fainali ile atapatikana mmoja wa kupelekwa kwenye mtihani wa kupanda daraja. Kila alfajiri Enesi alikuwa akikimbia kupanda mlima wa Chapwa na kushuka, malori yakimpulizia moshi, makondakta wakimpigia miluzi, kwa ajili ya mtihani huo. Na nyumba aliyokuwa akirudi kila alfajiri kuoga, chumba na sebule uani kwa mzee, ilikuwa ya mzee. Hayo mawili alikuwa ameyabeba pamoja muda wote, na hayakuwahi kugongana mpaka siku hiyo.

*

Kipindi cha kwanza alisimama kati ya mabenchi mawili akiwa ameligeuzia mgongo benchi la Mpakani. Mwamuzi wa akiba anatakiwa kulitazama benchi, ahakikishe kocha habanduki kwenye eneo lake lililochorwa kwa chokaa. Yeye alilitazama kwa masikio. Alimsikia mzee akiivuka chokaa, akamsikia akifoka, akamsikia akirudi, na kila alipotaka kugeuka amwonye, khoo, khoo, na shingo ikabaki pale pale.

"Refa, kocha wao yuko katikati ya uwanja!" walilalamika watu wa Milimani.

"Baba," Enesi alisema akiitazama milima ya Zambia, "naomba urudi kwenye mstari."

"Anaongea na nani huyo?" mzee alimwuliza msaidizi wake, Nsajigwa, mtu mpole ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kubeba chupa za maji na kukubali. "Mwambie hapa hakuna baba yake. Hapa kuna kocha."

Mpaka mapumziko timu zilikuwa bao moja kwa moja. Na muda mfupi kabla ya mapumziko, Shadrack alipiga mbio kufuata mpira mrefu, akashika paja, akakaa chini kama mtu aliyechoka na dunia. Msuli. Walimtoa akiwa amening'inia kwenye mabega ya watu.

Kamisaa Lusubilo akaja na filimbi mkononi. "Enesi. Unaingia."

"Kamisaa, nilisema asubuhi."

"Ulisema, na vyuo vyote viwili vikakubali mbele yangu. Mwamuzi wa kati akishindwa, wa akiba anaingia. Sikuitunga mimi sheria hiyo. Au nimwambie nani achezeshe, mama muuza karanga?"

Hezron aliruka kamba akamfuata mkewe nyuma ya goli. Alikuwa wakala wa mizigo pale mpakani, hodari wa kubembeleza madereva kwa Kiswahili na kwa Kibemba, lakini mbele ya baba yake ulimi wake ulikuwa unajikunja.

"Mama Tumaini, sema tumbo linakuuma. Tumbo halina shahidi."

"Baba Tumaini, mlima ule wote naukimbia kila siku kwa ajili ya tumbo?"

"Chuo kimemwambia mzee, akikosa kombe mwaka huu wanamchukua kijana kutoka Mbeya. Unaelewa? Leo hana masihara. Ukimharibia, tunalala wapi?"

"Kwa hiyo nimbebe?"

"Sijasema umbebe." Hezron alitazama pembeni. "Nimesema unajua nyumba ni ya nani."

"Najua. Na filimbi hii najua imekabidhiwa nani." Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia.

*

Kipindi cha pili kilianza vizuri. Katikati ya uwanja, mbali na benchi, Enesi alichezesha kama alivyofundishwa: karibu na mpira, macho juu, filimbi fupi kwa faulo ndogo na ndefu kwa kubwa. Wanafunzi wa Milimani wakaanza kuimba. Hata wa Mpakani walikubali kwamba huyu mama anakimbia.

Ndipo ukatokea mpira wa kurusha, mbele kabisa ya benchi la Mpakani. Enesi akawapa Milimani. Chupa ya maji ikaruka kutoka benchini, ikapita karibu na sikio la Goodness, binti aliyekuwa ameshika kibendera upande ule, ikaangukia uwanjani.

Chupa hairuki yenyewe. Enesi alikuwa ameuona mkono ulioirusha, na saa iliyokuwa kwenye mkono huo aliijua. Alishaifuta vumbi mara nyingi. Akaenda mbio akichomoa kadi ya njano. Akafika.

Khoo, khoo.

Shingo ikageuka. Mkono ukapanda na kadi, uso ukatazama Nakonde, ng'ambo ya Zambia, na kadi ikabaki huko juu ikiyaonya mawingu.

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja kutoka ng'ambo, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo yake ya dagaa, alipiga kelele, "Mayo! Refa wenu anampa kadi Mungu!"

"Dada Enesi, ya nani?" Goodness alimwuliza kwa sauti ya chini. "Natakiwa nimwambie kamisaa."

"Ya mzee."

"Mzee yupi?"

"Mzee wa kofia."

Benchini kofia zilikuwa mbili. Mzee Ambwene alimwangalia Nsajigwa, akamwonyesha kwa kidevu, na Nsajigwa akasimama taratibu kama mtu aliyeitwa kubatizwa. "Ni mimi," akasema. "Nisameheni."

Enesi aliyasikia hayo yote akiwa bado amewapa mgongo. Angeweza kusema hapana. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, jina, nalo hakuwahi kulitaja hata ndotoni. Akapuliza filimbi mpira ukarushwa, na kosa likabaki kwa Nsajigwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Hakuwaonea haya waliocheka. Alimwonea haya yule mpole aliyekaa tena chini na kuanza kuokota chupa zake.

Na mzee? Mzee alikuwa amepata dawa. Kuanzia hapo kila Enesi alipopita upande ule alikohoa. Anataka kutoa faulo, kikohozi. Anataka kumwita mchezaji amwonye, kikohozi. Wachezaji wa Mpakani walifahamu mapema, wakawa wanasukuma makosa yao upande wa benchi, kwa kuwa kule refa alikuwa haoni.

Mechi ikakaribia mwisho. Mshambuliaji wa Milimani akaingia kwenye boksi, akampita beki, na beki akamkata miguu yote miwili, mchana kweupe, mbele ya watu na malaika. Enesi alikuwa karibu kiasi cha kusikia mfupa ukigonga mfupa. Akapuliza. Akanyoosha mkono kwenye doa la penalti.

Halafu makelele. Halafu, katikati ya makelele, watu wakaanza kuambiana tazama, tazama.

Mzee Ambwene alikuwa ameingia uwanjani. Hakukimbia. Alitembea mikono ikiwa nyuma, kofia imenyooka, kama mtu anayekagua shamba lake la kahawa, na kila baada ya hatua kadhaa alikohoa. Wachezaji wakampisha. Enesi aligeuza uso, akarudi nyuma. Mzee akasogea. Akarudi tena. Walikwenda hivyo, mmoja akikohoa na mmoja akirudi nyuma, mpaka visigino vya Enesi vikavuka mstari wa goli na nyavu zikamkwaruza mgongoni.

"Refa!" nahodha wa Milimani alipaza sauti. "Huyu ni kocha au ni simba?"

Hakukuwa tena na pa kurudi. Mzee alisimama karibu, akainamisha kichwa, na akasema kwa Kindali, kwa sauti ya chini isiyosikika na mwingine.

"Mama Tumaini. Sema ni kona. Sema hukuona vizuri, jua lilikuwa machoni. Nyumbani tutaelewana."

Enesi alisimama, uso ameugeuzia nyavu, na maneno hayo yakamwingia taratibu. Miaka mitano. Alipojifungua Tumaini na kukaribia kufa, mzee hakumwambia pole, alimtuma Rozi. Alipofiwa na mama yake, mzee alisimama nje ya ua akakohoa, basi. Na hakumlaumu, kwa kuwa mila ndivyo ilivyo, inawafunga wote wawili. Alikuwa ameiheshimu kama mtu anavyoheshimu ukuta unaobeba paa. Leo ukuta umevunjwa, na aliyeuvunja ni mzee mwenyewe, na neno lake la kwanza kwa mkwe wake ni kumwomba aibe.

Hasira ilimjia safi kabisa, bila machozi. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Akageuka.

Alimtazama baba mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzee wa kawaida. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, jino moja la pembeni halipo, na macho mekundu ya mtu asiyepata usingizi. Alikohoa, khoo, khoo. Shingo haikwenda popote.

Kadi nyekundu ikapanda juu, mbele ya kofia yake, na Enesi akiitazama kofia na uso uliokuwa chini yake.

Kamisaa Lusubilo alikuwa amesogea hadi kwenye mstari wa pembeni, anahema. "Safari hii sitaki mawingu!" alifoka. "Taja jina!"

Akina mama wa Kindali waliokuwa nyuma ya goli walishaelewa. Mmoja alijifunika uso kwa kitenge. Mwingine alisema, "Mwe! Asilitaje, jamani, asilitaje!"

"Ambwene," Enesi alisema.

Hakulisema kwa kelele. Hata hivyo uwanja uliozunguka goli lile ulinyamaza, na waliokuwa mbali wakanyamaza kwa kuona wenzao wamenyamaza.

"Ambwene, kocha mkuu wa Mpakani. Ameingia uwanjani kumkabili mwamuzi. Na ile ya njano pia ilikuwa yake. Chupa aliirusha yeye. Nsajigwa hana kosa, kosa lile ni langu mimi."

Mzee aliitazama kadi, kisha akamtazama yeye. "Umenitaja," alisema, kwa Kiswahili sasa, mbele ya watu wote.

"Wewe umenisemesha, baba."

Alisubiri mpaka mzee alipotoka nje ya kamba, kama sheria inavyotaka, na mzee alichukua muda mrefu kutoka. Ndipo akapuliza. Milimani wakafunga. Mpira uliporudishwa kati Enesi aliitazama saa yake, akaongeza dakika alizotakiwa kuongeza, hakuongeza hata moja ya woga, akamaliza mchezo.

*

Jioni hiyo chakula alichopika hakikuliwa kwenye nyumba kubwa. Rozi alikuja jikoni, akakitazama chungu cha maharage, akasema, "Mzee anasema hana njaa."

"Na wewe, mama?"

"Mimi ninayo. Lakini nikila hapa atasema nimehamia upande wenu." Alivuta kigoda, akakaa, akapakua sahani ya kujaa. "Upande gani sasa, wakati jiko ni langu?" Alikula bila kuongeza neno, akaenda.

Hezron hakulala sawasawa. Alikuwa anageuka geuka akisema, "Ungemwita kocha tu. Ungesema kocha mkuu, basi, ingetosha."

"Kocha wapo wengi," Enesi alijibu. "Nilisema mzee wa kofia, akaadhibiwa asiyehusika."

Jumapili baada ya ibada wazee watatu wa ukoo walifika. Walikaa kwenye mkeka uani, Enesi akawekwa upande wa jikoni, na mzee Ambwene akakaa chumbani nyuma ya pazia la mlango, ili mila isivunjwe mara mbili katika wiki moja. Pazia lilikuwa jepesi. Vidole vyake vya miguu vilionekana chini.

Mzee Anyosisye, kaka yake mkubwa, ndiye alikuwa mwenyekiti. Alisafisha koo. "Mke wa mwanetu. Unashtakiwa kwamba ulitamka jina la baba mkwe wako hadharani. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulitamka nini?"

"Jina lake."

"Kesi haiendi hivyo. Lazima tusikie kilichotamkwa. Ulitamka jina gani?"

"Baba, mnataka nilitaje?"

"Tunataka ushahidi."

"Ambwene," Enesi alisema.

"Mwe!" Wazee wote watatu waliruka kwenye mkeka. "Kalitaja tena!"

"Mmeniuliza."

Ikabidi wasimamishe kesi wajadili kama hilo la pili linahesabiwa. Mmoja alisema linahesabiwa, mwingine alisema lililoombwa na kikao ni la kikao. Nyuma ya pazia kikohozi kilisikika. Mwisho Anyosisye akaamua kwamba hilo lisamehewe, ila hakuna atakayemwuliza tena swali la namna hiyo.

"Faini ya jina ni kuku," akasema.

Enesi alifungua kanga yake. Kuku alikuwa ndani, tetea mwekundu aliyefungwa miguu, ambaye Enesi alikuwa amemkumbatia tangu kikao kilipoanza. Akamweka kwenye mkeka. "Kwa kumtaja nimekosa, na kuku huyu hapa. Heshima nimelelewa nayo, siikatai. Lakini na mimi nina shtaka. Nani alimfuata mwenzake mpaka akamsemesha?"

Wazee walitazamana.

"Mimi nilimpa mgongo mchana kutwa. Nilimkimbia mpaka kwenye nyavu, watu wananicheka. Yeye akanifuata, akanisemesha kwa mdomo wake, akaniambia nidanganye. Mila hiyo ni ya mwanamke peke yake?"

Anyosisye aligeukia pazia. "Ndugu yangu, ulimsemesha mkweo?"

Khoo, khoo.

"Kikohozi si jibu," alisema Anyosisye.

Vidole vya miguu vilijikunja. Sauti ikatoka. "Aandike kwenye chama chao cha waamuzi kwamba alikosea. Kadi ifutwe. Nikifungiwa, chuo kinanitupa. Mimi si mtu wa kutupwa na watoto."

Hapo palikuwa na kitu cha kweli katika sauti yake, na Enesi alikisikia, na kilimuuma. Alikumbuka yale macho mekundu. Alijua maana ya kusubiri jambo moja mwaka mzima.

"Baba," alisema akilitazama pazia, "pole kwa hilo la chuo, inatoka moyoni. Lakini mpira ukishaanza tena uamuzi haurudi nyuma. Kadi siyo yangu, wala si ya ukoo. Siiombi irudi."

"Basi atoke kwangu." Pazia lilitikisika. "Leo! Asiyesikia la mkuu, huvunjika guu. Na akavunjikie mbele ya safari."

Hezron alikuwa ameegemea nguzo ya jikoni, anachimba udongo kwa kidole gumba cha mguu kama mtoto aliyefukuzwa shule. Enesi hakumtazama. Alishaamua kutomwomba kitu.

"Akitoka," Hezron alisema kwa sauti iliyopasuka katikati, akakohoa, akaanza upya, "akitoka yeye, na mimi natoka. Na kitanda natoka nacho, kitanda nilinunua mimi."

Watu walimgeukia. Hata yeye mwenyewe alionekana kushangaa kwamba maneno hayo yametoka kwake.

*

Walihama jioni ile ile. Chumba walipata mtaa wa Sogea kupitia mtu aliyekuwa akifanya kazi na Hezron, chumba kimoja, choo cha jumuiya, na mwenye nyumba aliyewauliza mara moja kama Enesi ndiye yule refa wa mawingu. Hezron alitangulia na bajaji iliyobeba kitanda, Tumaini amekaa juu ya mito akifurahia safari. Enesi alibaki kukusanya vya mwisho: sufuria, beseni, njumu zake, na godoro dogo la mtoto alilolikunja akajitwika.

Kutoka uani kwenda getini kuna njia nyembamba, ukuta huku na tangi la maji huku. Watu wawili hawapishani hapo mpaka mmoja aingie kwenye tope la tangi. Miaka mitano aliyeingia kwenye tope alikuwa Enesi.

Alikuwa amefika katikati ya njia aliposikia geti. Khoo, khoo.

Mzee Ambwene alikuwa anaingia kutoka matembezini, kofia kichwani, mikono nyuma. Akasimama kwenye njia na kungoja, kama alivyozoea kungoja, mkwe apishe. Kule jikoni mlio wa mwiko kwenye sufuria ulikoma. Rozi alikuwa anasikiliza.

Godoro lilikuwa zito na shingo iliyolibeba ilikuwa imenyooka. Enesi aliyaangalia macho ya mzee, hakuharakisha wala hakufanya ubishi. Alisimama tu kwenye njia, njumu zikining'inia begani kwa kamba zake.

Mzee akakohoa tena, safari hii kidogo, kama anauliza.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye koki mbovu ya tangi. Mzee Ambwene alitazama njia, akatazama tope, akainua mguu wake uliovaa kiatu cha ibada, akauteremsha kwenye tope. Halafu na wa pili.

Enesi akapita. Alipofika getini aligeuka, godoro na vyote, akainamisha magoti kidogo kama mkwe mwenye adabu.

"Asante, baba Ambwene," alisema. Jikoni Rozi alipasuka kwa kicheko mpaka mwiko ukamwanguka. "Kuku wa pili nitamleta Jumamosi."